Mkono wa Kujaribia

"Ami, nipe mkono. Wa kushoto.
Wa kulia tuuache vile ulivyo,
huo ndio shahidi."

Thureya, binti wa ndugu yangu, kakodi chumba Tudor
juu ya duka la betri za magari.
Taulo kumi na mbili, nyeupe, hazijaguswa.
Mlango unalia kila upepo ukiusukuma.
Wateja bado.
Ndiyo maana mimi, mchomeleaji vyuma,
miaka thelathini na moja ya cheche huko Mbaraki,
nimekalishwa kiti cha maharusi,
mkono wa shati umekunjwa hadi kiwikoni.

"Ngozi yako ikikubali, Ami,
ni ya nani itakayokataa?"

Mikebe saba. Yote majani, asema,
yote mizizi na maua, hamna hata tone la kiwandani.

Wa kwanza, mwani na chumvi.
Nanusa. "Kamba ya meli iliyosahauliwa."
Hacheki. Anaandika daftarini: kamba.

Wa pili, mrehani na ndimu.
"Huu wanitia njaa, mwanangu, huu ni wa samaki."
Anaandika: samaki,
na hata kalamu yake imenuna.

Wa tatu, asumini na mlangilangi
katika mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto.
"Nikishuka ngazi na harufu hii
wale vijana wa betri wataniuliza naoa lini."
"Kwani kuna ubaya?"
Nikaitazama dari.

Wa nne ukafunguliwa.
Baridi ilitangulia, harufu ikafuata.
"Mnanaa, Ami, na kafuri kidogo.
Hupoza ngozi iliyoungua."

Kafuri.
Kwetu Majengo tuliita karafuu maiti,
jina lisilofaa kibandikoni.

Siku ile wanawake walikuwa nyuma ya shuka na Salha wangu,
maji yakimwagika, kata ikigonga ndoo.
Mimi ukumbini, sina kazi,
mpaka mkono mmoja ukapenya pazia na kinu kidogo:
"Twanga hii. Iwe laini."
Nikatwanga.
Nikatwanga ikawa unga, nikautwanga unga,
wakaniita mara tatu, yatosha, yatosha, baba, yatosha,
sikuwa na masikio ila ya mchi.

Siku tatu niliisugua mikono
kwa sabuni ya kipande, kwa mafuta ya taa, kwa mchanga wa uani.
Siku ya nne ikatoka.
Ikarudi harufu yangu, ya chuma kilichoungua,
na hapo ndipo nilipojua nimefuta nini.

"Yawasha, Ami? Mbona umenyamaza?"
Analeta kitambaa cha maji ya waridi, anifute.
Naurudisha mkono kifuani.
"Huu uache."
"Lakini kuna wa tano, kuna wa sita..."
"Tia mkono wa kulia."
"Huo ni shahidi."
"Shahidi ameshaona."

Kalamu ilisimama juu ya daftari muda mrefu.
Mbele ya nne hakuandika kitu.

Wa tano ulikuwa mwarobaini, mchungu hata puani.
Wa sita siukumbuki.
Wa saba ulinitoa vipele papo hapo, tukacheka, ukatupwa.

"Ule wa nne wauzaje?"
"Kwako bure."
"Bure sitaki."
Akakataa pesa, nikakataa bure,
tukabishana mpaka mlango ukalia tena.

Nikainuka. Nikazitazama bawaba:
kutu, na skrubu moja imelegea.
Skrubu nikaikaza kwa ncha ya kisu cha mfukoni,
kisha nikachovya kidole kwenye mkebe wa tatu,
nikapaka juu, nikapaka chini.

Mlango umenyamaza sasa.
Ukiufungua, wanukia harusi.